Kwikwi ya Pikapu ya Semboja

Semboja alikuwa na kiwanja pale Mombo, na pikapu kuukuu ambayo injini yake ilikuwa ikimisi, ikitikisika kama mtu mwenye kwikwi. Asubuhi moja aliileta kwa Sikitu, fundi mwanamke aliyempangisha kona ya kiwanja hicho kwa gereji yake.

"Silinda moja haifanyi kazi," alisema mbele ya wateja. "Nitajie ni ipi bila kugusa gari langu. Ukishindwa, hama leo. Gereji si jiko."

"Sawa, mzee. Ila mafundi huchomoa nyaya za plagi mmoja mmoja, injini ikiwaka, wakisikiliza. Hiyo yataka mwanamume. Nikuitie mmoja?"

"Kwani unaniona nimejifunga kanga?" Semboja alikunja mikono ya kanzu.

Aliwasha injini, akafungua boneti, akachomoa waya wa kwanza. Umeme ulimrusha, kofia ikaanguka. Wateja walicheka.

"Pole, mzee. Tuache?"

"Niache nini?"

Waya wa pili ulimrusha hadi akagonga kisogo kwenye boneti. Wa tatu aliuchomoa huku amefumba macho. Alingoja. Alifumbua jicho moja, kisha akauinua waya juu kama mtu aliyeua nyoka.

"Mnaona? Huu umeniogopa!"

"Haukukuogopa," alisema Sikitu. "Haupitishi umeme. Silinda isiyofanya kazi ni ya tatu. Waya wa nne uache, mzee, jibu umeshanipa."