Kambare wa Karani Mkumba

Samaki hachezewi penye chungu kitupu. Mmeyasikia maneno haya kwa shangazi yenu asubuhi, mkacheka, mkauliza samaki na chungu walikutania wapi. Basi tulieni. Methali hii ilitufikia kwa kinywa cha mtu aliyeaibika, na ilianza hivi.

Katika bonde la Rufiji palikuwa na karani wa ghala la pamba, jina lake Mkumba. Alikuwa mtu mpole, nadhifu, asiyejua njaa ila ile ya kuchelewa chakula cha mchana. Starehe yake ilikuwa moja tu, kuvua. Kila Jumapili alichukua ufito wake wa chuma, wenye kigurudumu cha kukunjia mshipi, akashuka mtoni. Akinasa samaki, humlegezea mshipi akakimbia, humvuta, humlegezea tena, mpaka samaki achoke. Kisha humpima kwa kamba, akamrudisha majini. Watu walipomshangaa aliwaambia, "Kitoweo changu kiko buchani. Hapa nimefuata raha." Hakuna aliyemlaumu. Mto ulikuwa na samaki wa kumtosha kila mtu.

Jumapili moja ya masika alivuka kwa mtumbwi hadi shamba la Bi Somoe, mjane aliyelima mpunga ng'ambo pamoja na binti zake watatu na mama mkwe wake. Vidimbwi vya huko vilisifika kwa kambare. Mchana ule ule maji yakaja kutoka bara. Yalikuja kimyakimya, yakipanda kwenye mabua ya mpunga kama mtu anayepanda ngazi. Mtumbwi ukakatika kamba, ukaenda zake. Alasiri shamba lote lilikuwa limezama, kikabaki kichuguu kipana chenye dungu, kile kibanda cha kulindia ndege. Wakajibanza humo watu sita.

Mchele uliokuwamo uliisha siku ya tatu. Mkumba alitupa ndoana kila siku, lakini maji yalikuwa ya kasi na matope, magogo yakamkatia ndoana moja baada ya nyingine, hata akabakiwa na moja. Siku ya tano mama mkwe hakuweza tena kukaa kitako. Na Siwema, yule binti mdogo wa miaka minne, alikuwa ameacha kulia. Kimya chake kilimtisha mama yake kuliko kilio.

Asubuhi ya siku ya sita maji yakatulia. Mkumba akachimba mnyoo, akatupa ndoana yake ya mwisho. Hajakaa sawa, mshipi ukavutwa. Kambare! Mgongo wake ulitokeza juu ya maji, mnene kama paja la mtu. Bi Somoe akakimbilia kijinga cha moto walichokuwa wakikitunza, akakipuliza, akabandika chungu cha maji.

Hapo Mkumba akajisahau. Ufito ulipopinda mikononi mwake, furaha ya Jumapili zote ikampanda. Akalegeza mshipi.

"Mvute, baba," alisema Bi Somoe.

"Subiri, mama. Huyu ni dume. Mwache apigane kidogo."

Akamvuta hadi karibu kabisa na ukingo, pale ambapo mtu angeweza kumkamata kwa mikono. Binti mkubwa akaingia majini, mikono tayari. Kambare akajipinda, akapiga mkia, maji yakawarukia usoni. Mkumba akacheka kwa sauti.

"Mmemwona? Mmemwona huyu? Ngoja aruke mara moja tena!"

"Mvute! Maji yamechemka!" Bi Somoe akapaza sauti.

Akalegeza. Kambare akazama, akazunguka kisiki kilichokuwa chini ya maji. Mshipi ukakazika, ukalia kidogo, ukakatika. Ufito ukanyooka mikononi mwa karani, mwepesi, hauna kitu.

Chungu kilikuwa kikitokota maji matupu. Siwema alitambaa hadi ukingoni, akayatazama maji, kisha akamtazama Mkumba.

"Atarudi?" akauliza.

Mkumba aliuweka ufito chini. Masikio yake yaliwaka moto. Alitamani Bi Somoe amtukane, lakini mama yule alifungua kanga yake ya mabegani, akampa binti mkubwa pindo moja, wakaingia majini hadi kiunoni kutanda vidagaa, kuvikokota kwa nguo ile kama wavu. Mkumba naye akawafuata, akaomba kushika pindo. Walikwenda na kurudi mpaka jua likawa la utosi. Walichopata kilijaa kata moja ya kuchotea maji.

Bi Somoe akapika, akagawa mafungu sita yaliyo sawa. La kwanza akampelekea mgeni.

"Sistahili, mama," alisema Mkumba, macho chini.

"Kula. Nguvu zako nitazihitaji kesho. Ila nikwambie jambo moja, baba. Samaki hachezewi penye chungu kitupu."

Alikula. Vidagaa vile vilimpita kooni kama miiba, maana kila alipoinua macho alimwona Siwema akilamba kiganja.

Siku tatu zilizofuata alishika pindo la kanga hadi ngozi ya miguu ikambanduka. Siku ya tisa mitumbwi ikafika, ikawachukua wote wakiwa hai, mama mkwe akiwa amebebwa. Gatini watu walijaa, mke wa Mkumba na wapagazi wa ghala la pamba wakiwemo. Walipouona ule ufito wa chuma wakashangilia. "Bahati yenu mlikuwa na mvuvi! Karani amewaokoa!" Wengine wakamshika mkono.

Bi Somoe alisikia yote. Alimfunika Siwema vizuri, akanyamaza. Angeweza kumwaibisha pale pale, naye akamsitiri. Sitara ile ilimwelemea Mkumba kuliko tusi lolote.

"Jamani, sikuokoa mtu," alisema, akiwa ameinamisha kichwa. "Nilimnasa kambare wa kutushibisha sote, nikamchezea mbele ya watoto wenye njaa, akaponyoka. Nimelishwa na mama huyu kwa kanga yake." Kisha akawaeleza maneno aliyoambiwa kule kichuguuni, neno kwa neno, mbele ya mke wake na wapagazi wa ghala lake.

Watu walitawanyika polepole, wengine wakiona haya kwa niaba yake. Lakini maneno yale waliondoka nayo. Kwa hiyo, wanangu, ukishika mkononi kitu ambacho kwako ni raha na kwa mwenzio ni uhai, kumbuka kwamba aliyetufundisha ni yule aliyekosea, na aliyasema haya akiwa ameinamisha kichwa: samaki hachezewi penye chungu kitupu.