Mtoto Aitwe Nani?

Sogeeni karibu. Nina kesi imenishinda, na mahakimu ni nyinyi.

Pemba walikuwapo wanawake watatu. Bi Kazija alikuwa fundi wa kutia nguo wanga. Kanzu aliyoipiga pasi yeye ilitaka kusimama peke yake. Bi Mize alikamua mafuta ya mkarafuu, na pua yake ndiyo ilikuwa mizani. Bi Asaa alifuga nyuki na hakupitwa na kitu. Bi Kazija ndiye aliyemzaa Raya, Bi Mize ni mama mkwe wake, na Bi Asaa, ambaye hakujaliwa mtoto, ndiye kungwi wake.

Raya alimfuata mumewe Sumbawanga, safari ya siku nne. Mimba ikamtesa. Kila alichokula alikitapika, hata daktari akaanza kumhofia mtoto. Roho yake ilitaka mkate wa kumimina wa kwao, ule wa mchele na nazi, basi.

Akapiga simu huku analia. "Mkinifikishia mzima, nikipata binti namwita jina la aliyeufikisha."

Mkate wa kwanza ulikwenda ndani ya mfuko wa plastiki. Ulifika umeota ukungu.

"Plastiki inautoa jasho," akasema Bi Kazija. Akapika wanga wa muhogo, akaumwaga kwenye sinia, ukakauka ukawa utando mwembamba. Akafungia mkate mwingine. Ukungu ukapungua, haukuisha.

Bi Mize akaunusa utando. "Tieni mafuta yangu, matone saba tu. La nane litautia uchungu." Ukungu ukakoma. Lakini utando ulipasuka njiani, sisimizi wakala karamu.

Bi Asaa akaukunja utando uliobaki nyumbani, ukakatika. "Mkavu mno huu." Wakapika mwingine, akatia asali vijiko viwili, ukakunjika kama kitambaa.

Mkate wa nne ukafika mzima. Raya akaula, ukatulia tumboni. Utando akaufukia bustanini, ukaoza. Kila wiki ukaja mkate mwingine, hadi akajifungua binti.

Siku ya saba, ya kumpa mtoto jina, wote watatu walikuwapo Sumbawanga.

"Bila utando wangu, mafuta yangepakwa wapi?" akauliza Bi Kazija.

"Na bila mafuta, si mngefunga ukungu?" akajibu Bi Mize.

Bi Asaa alikuwa ameshika vidole vya miguu vya mtoto.

Raya aliwapenda wote, na aliogopa. Wawili wangerudi safari ya siku nne na donge rohoni.

"Haya mwanangu," akasema shehe, "mtoto anaitwa nani?"

Raya akawatazama, mmoja mmoja. Je, ungekuwa wewe, ungetaja jina gani?