Mkaja wa Bi Tumu na Kiambaza cha Mwanakheri

Paukwa!
Pakawa!
Aliyelala?
Aamshwe!
Aliyeshiba?
Acheue kimyakimya!

Hapo kale, seli zilipokuwa zikisema, aliishi Mwanakheri, seli ndogo kwenye ncha ya mkunde uliochipua kando ya ua wa miiba. Jirani yake alikuwa Bi Tumu, seli ya mdomo wa mbuzi. Na mbuzi mwenyewe, jamani, mlafi asiye na haya! Siku hiyo aliinama aule mkunde, mwiba ukamchana mdomo.

"Kidonda kikifunga tu, tunawatafuna," akasema Bi Tumu.

Mwanakheri akautazama ua. Mkunde ungepona kama ungepanda juu ya ua, na mmea haupandi mpaka seli zake zigawanyike, mmoja awe wawili.

"Shoga, wewe unagawanyikaje?"

"Kwa mkaja!"

Bi Tumu akajifunga kitambaa kiunoni kama mzazi aliyetoka kujifungua. Akakaza, akakaza, akakaza. Kiuno kikawa uzi, mara pu! Bi Tumu wawili, na wote wasemaji.

Mwanakheri akaazima mkaja. Akakaza, ukuta wake mgumu haukubonyea. Akakaza tena, ukuta kimya. Akakaza mara ya tatu. Mkaja ukakatika, pwa! Kina Bi Tumu, sasa wanane, wakacheka hadi mbuzi akapiga chafya.

Mwanakheri akalia kwa hofu. "We ukuta, utaniua!" Kisha akaupapasa ukuta. "Kumbe mimi nina nyumba! Nani anayetaka vyumba viwili akaifunga nyumba mkaja?"

Akakusanya vifurushi vya udongo, akavipanga katikati ya chumba.

"Fundi gani huanzia katikati?" wakauliza kina Bi Tumu.

"Fundi mwenye haraka!"

Kiambaza, ukuta wa kugawa chumba, kikaenda kushoto, kikaenda kulia, kikagusa ukuta huku na huku. Mwanakheri wawili, bega kwa bega, katikati yao wameacha vitundu vya kuombana chumvi. Wakanenepa, wakajenga tena. Wakanenepa, wakajenga tena. Mkunde ukapanda ua.

Kina Bi Tumu nao wakazidi kugawanyika, kidonda kikafunga. Mbuzi akaja mbio, mdomo wazi. Mkunde uko juu! Akarefusha shingo juu ya miiba: chwaa, mdomo ukachanika tena!

"Haya, mashoga," wakalia kina Bi Tumu, "mikaja kiunoni!"

Basi, usiazime mkaja wa jirani kabla hujaitazama nyumba yako.

Ngano yangu nimeitia kiambaza: upande huu wenu, upande ule wangu. Na sufuria ya kunde iko kwangu.