Kihwele na Daraja la Nyihanga

"Mkata daraja havuki." Maneno hayo vijana waliyasikia kwenye mkutano wa ushirika wa chai, siku mwenyekiti mkorofi alipong'olewa. Mtu aliyeongoza kumng'oa aliombwa akikalie kiti kile, naye akajibu maneno hayo matatu, akachukua baiskeli yake, akaenda zake. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Vijana wakabaki wanatazamana.

Kesho yake wakaenda kwa Bibi Tulizana, wakamkuta barazani anamenya njegere.

"Bibi, daraja gani hilo? Na nani alilikata?"

"Ketini, mnisaidie kumenya," akawaambia. "Methali haiokotwi njiani kama kuni. Hii ilizaliwa na mtu, na ilizaliwa hivi."

Katika nchi ya milima palikuwa na korongo refu, na chini yake ukipita mto Nyihanga. Upande mmoja ni Itanda, upande wa pili ni Mbawi. Katikati palining'inia daraja la kamba nene, zilizosokotwa kwa mimea itambaayo ya msituni. Mlinzi wake aliitwa Kihwele, mgane wa makamo, mtu wa maneno machache. Kila asubuhi alilikagua daraja, shoka mkononi, akikata kamba zilizochakaa na kusokota mpya. Kwa miaka ishirini hakupotea mtu pale, wala mbuzi. Binti yake wa pekee, Semwenda, alikuwa ameolewa Mbawi.

Aliyetawala Itanda, na kutoza kodi vijiji vya ng'ambo, ni Mtemi Lugata. Mwaka mmoja wa ukame, watu wa Igoda, kijiji kilicho ng'ambo, kupita Mbawi, walichelewa kuleta mtama wa mtemi. Lugata akaja darajani na askari wake. Kihwele alikuwa amesikia minong'ono, lakini alijiambia kwamba mtemi anakwenda kutisha tu. Akashika kamba, akazivuta, akasema kama ilivyokuwa desturi, "Daraja ni zima, Mtemi. Pita."

Walirudi jioni wananuka moshi. Igoda haikubaki nyumba, wala mtu wa kusimulia, ila bikizee mmoja kipofu aliyekutwa ameketi shambani akiita majina ya wajukuu zake. Tangu siku hiyo Kihwele akawa hawezi kula chakula kilichopikwa kwa kuni mbichi. Alisema moshi wake unamrudisha Igoda, ingawa hakuwahi kufika.

Baada ya miaka miwili, Mbawi walikataa kutoa vijana wao wawe askari wa Lugata. Ngoma ya vita ikapigwa Itanda, na kila mtu akajua maana yake.

Mchana wa siku iliyotangulia safari ya Mbawi, dada yake Kihwele, Nyanzala, alimletea uji. Akamkuta analinoa shoka.

"Nitalikata daraja," Kihwele akamwambia. "Mtemi akiwa juu yake."

Nyanzala akakitua kibuyu. "Utamuua mtu kwa kosa ambalo hajalitenda?"

"Kule Igoda alilitenda."

"Mbawi bado. Huenda akageuka. Moyo wa mtu ni msitu, Kihwele."

"Ndivyo nilivyojiambia mara ile, dada. Nikangoja. Watu wa Igoda wako wapi?"

"Basi likate leo, likiwa tupu. Asivuke mtu, asife mtu."

"Watu wa kijiji cha Mkalo walilikata daraja lao likiwa tupu. Lugata akazunguka kwa miguu siku tatu, akafanya alilokusudia, kisha akarudi kwa wale walioshika mashoka."

Nyanzala alikuwa mwanamke wa kupima maneno, na hili lilimshinda uzito. Mwishowe akauliza, "Nani amekupa wewe mizani ya kupima nani aishi na nani afe?"

"Hakuna aliyenipa," Kihwele akajibu. "Nitamwomba arudi, mbele ya watu. Akikataa, damu yake itakuwa juu yangu peke yangu. Sitasema nilitumwa na mizimu, wala na wewe."

Dada yake hakumbariki, wala hakumkataza. Aliondoka, na uji ukapoa bila kunywewa.

Asubuhi Lugata alifika na askari wake, wakiongozwa na jemadari Mgaya. Mtemi alikuwa na sheria yake: yeye akiwa darajani, mtu mwingine asikanyage, maana alisema mtemi hashiriki njia na mtu. Basi askari wakasimama kando. Kihwele naye alisimama penye mlango wa daraja, shoka mkononi, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

"Mtemi, naomba kuuliza neno moja."

"Uliza, mzee wa kamba."

"Mbawi unakwenda kuonya, au kumaliza?"

Lugata akacheka, wala hakukasirika. "Kumaliza. Wakubwa kwa wadogo. Mtoto nikimwacha leo, kesho ananijia na mkuki. Mwenye akili huung'oa mwiba ungali mchanga."

Maneno yale yalifanana na ya Kihwele mwenyewe. Yeye pia alikuwa amekuja kung'oa mwiba kabla haujachoma. Kwa kitambo akaona shoka limekuwa zito, akajiuliza kama kweli kuna tofauti baina yake na mtu huyu. Kisha akawakumbuka watoto wa Mbawi, wanaokuja darajani kurusha mawe mtoni na kuyasikiliza yanavyodondoka. Wale hawajamchoma mtu. Huyu ameshachoma, na kwa kinywa chake anasema atachoma tena. Na tena, Lugata anaua ili kiti kibaki chake. Yeye Kihwele, akiua, hatabakiwa na kitu.

"Rudi, Mtemi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nakuomba mbele ya watu hawa. Rudi nyumbani."

Lugata akamsukuma bega. "Daraja ni zima?"

Kihwele hakuwahi kudanganya kuhusu daraja. "Kwako si zima," akajibu.

Mtemi akadhani ni woga wa baba mwenye binti ng'ambo. Akacheka tena, akapita.

Kihwele akangoja mpaka akafika katikati, kisha akapiga shoka. Kamba kuu ilikuwa nene kama paja, haikukatika kwa pigo moja. Jemadari Mgaya akauinua mkuki. Alikuwa na nafasi ya kuutupa, na kila askari aliliona hilo. Lakini Mgaya naye alikuwa amekwenda Igoda. Mkuki ukabaki hewani mpaka pigo la tatu. Lugata aligeuka, akapiga kelele jina la mama yake, na korongo likammeza.

Ng'ambo ya Mbawi wanawake wakapiga vigelegele. Kihwele hakupiga. Aliliweka shoka chini, akaketi, akanyoosha mikono yake. "Nifungeni. Nimeua mtu."

Hakuna aliyemfunga.

Siku ya tatu baraza likakutana. Wazee walikuwa na furaha ambayo hawakuweza kuificha. Wakakileta kigoda cha utemi, wakakiweka mbele ya Kihwele. Mgaya akasema, "Sote tulimchukia, na sote tulimtumikia. Wewe peke yako ulithubutu. Tutawale."

Kabla Kihwele hajajibu, watu wakapisha njia. Aliyeingia ni mama yake Lugata, amejifunga kaniki ya msiba. Akasimama mbele ya Kihwele. "Nilimzaa mimi," akasema. "Najua alichokuwa. Lakini nilimzaa mimi."

Kihwele akapiga magoti. "Sikuombi msamaha, mama, maana ningerudishwa siku ile ningefanya vilevile. Lakini jua kwamba sikufurahi."

Mama yule akaketi chini kati ya wanawake.

Ndipo Kihwele akawageukia wazee. "Kiondoeni kigoda. Nikikikalia leo, kesho kila mwenye tamaa atanoa shoka na kusema anawaokoa. Mtajuaje nani anasema kweli? Mtamjua kwa hili: mkata daraja havuki. Aliyelazimika kuua ili wengine waishi, asipite yeye kwenda kuchuma upande wa pili. Mchagueni mtu ambaye mikono yake haimo katika jambo hili. Na daraja jipya likishafungwa, mimi sitalikanyaga."

Wakambembeleza, hakutikisika. Wakamchagua mtu mwingine, mpole, ambaye hata jina lake halikumbukwi sana, nalo ni jambo jema kwa mtawala. Kihwele aliwafundisha vijana kusokota kamba, daraja likafungwa upya, na mguu wake haukuligusa. Semwenda ndiye aliyevuka kuja kumwona, na watoto mgongoni, mwaka hadi mwaka.

Hata mjukuu wake wa kwanza alipotaka kuolewa, Semwenda alikuja kumchukua. "Baba, vuka siku moja tu. Mbawi nzima iko hai kwa ajili yako. Nani atakulaumu?"

"Hakuna atakayenilaumu, mwanangu. Ndiyo maana lazima nijizuie mwenyewe."

"Basi unajutia?"

"Sijutii. Nimelala usingizi mzuri zaidi tangu siku ile, kuliko nilivyolala baada ya Igoda. Lakini jambo kuwa halali hakumaanishi kwamba ni la bure. Nenda, mwambie bibi harusi namwombea heri."

Semwenda akavuka peke yake, akilia kwa hasira. Harusini wageni wakamuuliza, "Babu wa bibi harusi yuko wapi? Mwokozi wetu mbona hatumwoni?" Naye alikuwa amekusudia kusema kwamba mzee anaumwa. Lakini aliwatazama watoto wa Mbawi walivyojaa uwanjani, wengine wakiwa na umri wa ndoa sasa, akafuta machozi, akainua kichwa.

"Yuko ng'ambo," akawaambia. "Mkata daraja havuki."