Mrija wa Namalwa

Paukwa!

Pakawa!

“Vuta mrija!”

“Sivuti.”

“Vuta, nimekwambia!”

“Nami nimekwambia sivuti, Khaoya. Hata masikio yako yamelewa?”

Watu wakacheka, kwa kwa kwa! Khaoya hakucheka. Alisimama mbele ya baraza, kitambi mbele, mkono kiunoni, akamnyooshea kidole bibi mwenye mvi aliyeketi na kibuyu chake cha maji.

“Basi nyamaza, mama. Usiyevuta mrija, huna la kusema hapa.”

Hapo zamani, wenzangu, bibi za bibi zetu wakiwa bado hawajaota meno, palikuwa na kijiji kilichopenda pombe kuliko kilivyopenda mvua. Mvua ilipochelewa, watu walinung'unika. Pombe ilipochelewa, watu walilia. Wimbi likivunwa, pombe. Mtoto akizaliwa, pombe. Mtu akifa, pombe. Mtungi mkubwa uliwekwa katikati ya baraza, watu wakauzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakavuta. Fyooo! Fyooo! Fyooo!

Na palikuwa na mila. Siku ya shauri, aliyevuta mrija ndiye aliyesema. Asiyevuta alinyamaza, hata kama ni yeye aliyeibiwa.

Bibi huyu mwenye mvi aliitwa Namalwa, na maisha yake yote hakuwa ameonja pombe. Hata tone. Ajabu yenyewe ilikuwa mara mbili, maana kwa lugha ya kwao malwa ni pombe, na Namalwa ni jina la msichana aliyezaliwa siku ya pombe. Basi walimtania tangu ujana wake.

“Njooni muone, pombe inakataa pombe!”

“Namalwa, unalikimbia jina lako?”

Hakukasirika. Alikuja barazani kila mara na maji yake. Alicheka na waliocheka, akaimba na walioimba, kisha akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Tazameni, njia za kijiji kile zilichorwa na miguu ya wanywaji, zikapinda huku, zikapinda kule, zikazunguka kichuguu bila sababu. Njia moja tu ilinyooka. Mgeni akiuliza kwa Namalwa ni wapi, aliambiwa, “Fuata ile iliyonyooka.” Namalwa aliisikia sifa hiyo na kuinua kidevu.

Sasa, mwanawe Mayende alikuwa amekufa kwa homa, akaacha mke, Nabwile, na watoto watatu. Aliwaachia shamba moja la wimbi kando ya kijito. Shamba hilo ndilo lililokuwa uji wao, ndilo lililokuwa ugali wao. Hawakuwa na lingine. Matanga yalipokwisha tu, Khaoya jirani akaja na jembe begani.

“Shamba hili ni langu,” alisema. “Mayende alinipa mwenyewe, siku ya pombe ya mavuno. Kijiji kizima kilisikia.”

Ndiyo maana baraza liliitwa. Ndiyo maana walikuwa wakigombana.

Mzee Makokha, mtunza mtungi, aliwauliza wanywaji mmoja mmoja. “Mlisikia?” Wakavuta mirija, fyooo, wakajibu, “Tulisikia. Mayende alisema, chukua shamba, rafiki yangu.” Walikumbuka hilo tu. Mengine ya siku ile yalikuwa ukungu mtupu vichwani mwao.

“Nani anajua zaidi?” akauliza Makokha.

“Mimi,” akasema Namalwa.

“Basi vuta mrija, mama, useme.”

Nabwile akapiga magoti mbele ya mkwewe, mtoto mdogo mgongoni. “Mama, nakuomba. Tone moja tu. Lowesha ulimi, useme, watoto wapate kula. Kesho hutakuwa mnywaji tena.”

Enyi wenzangu, hapo moyo wa Namalwa uliuma. Kukataa kicheko cha watu kulikuwa kazi nyepesi, alikuwa amekikataa miaka sitini. Lakini huyu hakuwa anacheka. Huyu alikuwa analia. Namalwa akaitazama miguu ya mjukuu wake iliyoning'inia, imejaa vumbi la shamba lile lile.

Akamwinua Nabwile. “Mwanangu, unajua nilivyozaliwa? Mama yangu alishikwa na uchungu siku ya pombe. Aliita mara tatu. Kijiji kizima kilikuwa hapa hapa, mirija mdomoni, hakuna aliyesikia. Alinizaa peke yake juu ya majani ya mgomba, akanikata kitovu peke yake. Wakaniita Namalwa kwa furaha ya pombe yao. Mimi nikalibeba jina ili nikumbuke sauti ambayo hawakuisikia. Leo nikivuta pombe, nitasema kama hawa wanavyosema. Nani atakuwa amesikia?”

Nabwile akajifuta machozi. Khaoya akasema, “Hadithi nzuri. Shamba ni langu.”

Namalwa akachomoa kitu kutoka kwenye mkunjo wa nguo yake. Mrija! Mrija wa marehemu mumewe, uliokaa juu ya mlango miaka na miaka, umepauka.

“Anavuta!” watu wakapiga kelele. “Leo Namalwa anavuta!”

Akaondoa kizibo cha kibuyu chake. Akautia mrija ndani ya maji. Fyooo!

“Nimevuta mrija,” akasema. “Sasa nasema.”

“Hayo ni maji!” Khaoya akabweka.

“Mzee Makokha, mila ilisema mrija au ilisema pombe?”

Makokha akakuna kichwa. Akakuna ndevu. “Wazee wetu walisema mrija,” akajibu polepole. “Kilichomo ndani, sijawahi kusikia wakikitaja. Sema, mama.”

“Khaoya hasemi uongo. Mwanangu alisema, chukua shamba. Nilisikia.”

Hee! Nabwile akashika kichwa kwa mikono miwili. Khaoya akaanza kutabasamu.

“Lakini sikuondoka hapo,” Namalwa akaendelea. “Makokha, baada yake wewe ulimpa Sitati mbuzi wako mweusi.”

“Kumbe!” mke wa Makokha akaruka. “Ndiyo maana Sitati alikuja asubuhi kumfungua mbuzi wangu! Nami nikamfukuza kwa mwiko!”

“Sitati, wewe ulimpa mhunzi shoka lako, kisha ukalia ukalidai. Mhunzi, wewe uliwapa watu wote kisima. Na Khaoya...” Akavuta maji kidogo, fyooo. “Khaoya ulimkumbatia Mayende shingoni ukasema, rafiki, umenipa shamba, nami nakupa nyumba yangu na ghala langu na kila kilichomo. Ukamvika kofia yako ya manyoya iwe ushahidi. Iko wapi kofia yako, Khaoya?”

Khaoya akajishika kichwani. Hapakuwa na kofia. Nabwile akakimbia nyumbani, akarudi mbio na kofia ya manyoya mkononi.

“Niliikuta chini ya kitanda,” akasema. “Marehemu hakujua imetoka wapi.”

“Basi tuamue,” akasema Namalwa. “Kama maneno ya siku ile yanashika, Khaoya chukua shamba, na Nabwile na wanawe leo wanahamia nyumbani kwako. Kama hayashiki, chukua kofia yako uende.”

Kwa kwa kwa! Baraza likacheka hadi mirija ikaanguka. Khaoya akachukua kofia.

Hawakuacha pombe, sitawadanganya. Ila tangu siku ile, palipowekwa mtungi wa pombe uliwekwa na mtungi wa maji kando yake, na neno zito halikushika mpaka waliovuta maji walisikie. Mwanzoni alikaa hapo Namalwa peke yake. Mwaka uliofuata walikuwa wanne, na Nabwile mmoja wao, mgongo wima.

Mnaonisikiliza, chukueni hili mwende nalo: ukikataa wanachokunywa wote, hujawakataa watu. Kaa nao, sikia vizuri, iko siku watakuhitaji.

Nami hadithi yangu nimeitembeza kwenye ile njia iliyonyooka, nikaifikisha mlangoni kwa Namalwa, na hapo naiacha. Asubuhi moja mtu alisimama pale, kofia ya manyoya mkononi. Alikuwa Khaoya. Akapiga hodi, akatazama chini, akasema:

“Mama, kuna shauri leo. Tumeshindwa kuanza. Njoo na maji yako.”