Zizi la Daraja la Kwanza

Chini ya Mlima Meru aliishi mtu mmoja, Elirehema Nnko, aliyefuga farasi kumi na mmoja. Wageni walikuja kuwapanda, wakazunguka nao mashamba ya kahawa, wakapiga picha, wakarudi kwao. Farasi hao walitunzwa na mwanamke aitwaye Nasieku. Ndiye aliyewapiga brashi kila asubuhi na kuwasafisha kwato, na alimjua kila mmoja kwa pumzi yake.

Kati yao alikuwamo jike mpole, Shani. Kwa kuwa alikuwa mpole, alipandwa na kila mtu: wazito, wasiojua kupanda, watoto. Mwishowe tandiko likamchubua mgongo, mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikaanza kutoa usaha. Nasieku akamwendea tajiri wake.

"Mzee, Shani apumzike mwezi mmoja. Tandiko lisimguse."

Nnko akamjibu kwamba mkaguzi anakuja Alhamisi, na zizi lenye farasi mgonjwa halipewi daraja la kwanza. Akaagiza blanketi nene liwekwe chini ya tandiko.

Sasa sikilizeni jinsi mkaguzi alivyokagua. Chama cha wenye mazizi kilikuwa na kanuni nzuri, zilizoandikwa na watu wenye akili zao: kila farasi avuliwe tandiko, mgongo upapaswe kwa mkono, kwato ziinuliwe moja moja. Mkaguzi alikuwa nazo ndani ya mkoba. Alikagua geti. Alikagua kofia za wapandaji na choo cha wageni. Kisha akaketi barazani, akanywa chai kwa maandazi, akaomba farasi wapitishwe mbele yake. Wakapitishwa, matandiko yaking'aa kwa mafuta. Akasema wanapendeza. Akaandika: daraja la kwanza.

Nasieku alikuwa ameshika hatamu ya Shani. Alifungua mkanda wa tumboni, akateremsha tandiko na blanketi lake, na harufu ikafika hadi kwenye meza ya chai. Mkaguzi alikiona kidonda. Msije mkasema hakukiona. Alikitazama, kipana kama kiganja, nzi wamekijaa. Kisha akafunika kalamu yake.

"Dada," akasema, "rudishia tandiko. Fomu nimeshaisaini."

Nasieku akakataa. Kabla ya saa sita mchana alikuwa hana kazi, na mtu mwingine alikuwa amelirudisha tandiko mahali pake.

Jumamosi iliyofuata akaja mama mmoja na binti yake wa miaka tisa. Mama alisoma kibao kipya getini, kilichoandikwa daraja la kwanza, moyo wake ukatulia. Alidhani kuna mtu aliyemtazamia yale ambayo yeye hakuwa na ujuzi wa kuyatazama. Mtoto akapandishwa juu ya Shani, kwa sababu ndiye mpole. Kwenye mteremko uzito ukasogea juu ya kidonda, na mnyama aliyekuwa amevumilia muda wote huo akashindwa kuvumilia. Akaruka. Mtoto akaangukia mawe, akavunjika nyonga. Hadi leo anatembea kwa magongo.

Chama kikaunda kamati ya kuchunguza ajali hiyo, wajumbe watano, mkaguzi akiwa mmoja wao. Wakaisoma fomu, wakakuta kila kisanduku kimetiwa alama ya vema. Nasieku alikuja kwa miguu kutoka kijijini kwao kusema alichokijua. Akaambiwa mlangoni kwamba yeye si mtumishi wa zizi tena, kwa hiyo hana la kuieleza kamati. Alisimama pale nje mpaka walipomaliza. Wakaandika kwamba mwenye zizi alifuata kanuni, na ukaguzi ulifanyika ipasavyo, na kwamba farasi ana tabia ya hatari. Jumatatu Shani akapigwa risasi. Kibao hakikuondolewa.

Kila ninaposimulia habari hii hasira hunipanda upya, na leo sitaomba radhi kwa hasira hiyo. Nanyi mnaokaa kwenye kamati, maana nawaona hapa mbele mmeketi, niambieni: kosa mmezoea kumwandikia nani, kama si yule asiyeweza kusema?