Jini wa Shaba Aliyeomba Ruhusa ya Kupanda

Alitawala katika mji wa Kaharabu Sultani Ghalibu bin Mundhiri, na juu ya kasri lake, mbali kupita mawingu, alisimama jini wa shaba asiyesogea usiku wala mchana, aliyefungwa kwa pete ya sultani ili ayadake maneno ya mji na kuyafikisha miji ya mbali. Msikilizaji wake, aliyeyapokea na kuyaandika maneno ayaletayo, alikuwa Bi Salha binti Faraji, na kwa miaka kumi na mitano hakupata kumsikia jini akisema neno lake mwenyewe.

Adhuhuri moja, sultani akizungumza na mamaye aliye ng'ambo ya jangwa, maneno yalikatika, na sauti nzito ikanena barazani: "Salha, pumzi zinaniishia."

Kalamu ikamponyoka Salha. Mawaziri wakaanguka kifudifudi.

"Imebaki moja tu," jini akasema. "Nikiruhusiwa, itanipandisha juu zaidi, walikolala wazee wangu. Nikiitumia kubeba maneno, nitapotea njia na kuwagonga wenzangu wabebao sauti za miji mingine, nao watavunjika."

"Haondoki!" sultani akanguruma. "Mama yangu mgonjwa. Nitamsikia kwa nani?"

Salha akapiga magoti. "Maulana, Mungu akupe umri. Mchumba wangu Haidari analinda ngome ya Sufuri, siku saba jangwani, na sauti yake naipata kwa jini huyu huyu. Nami naomba umwachie. Watu wa miji ile nao wana mama zao."

Sultani akamkodolea macho kama aliyepigwa kofi, kwani hakuna aliyepata kumpinga hadharani. Kisha machozi yakamlengalenga, akaivua pete na kuivunja.

Kishindo kikapita mbinguni, na baada yake kimya. Salha akaita, "Haidari! Haidari!" Hakujibiwa, akalia mbele ya watu wote.

Siku ile ile sultani akapanda ngamia kumwendea mamaye, akamkuta hai, na mama akamshika uso kwa mikono yake miwili. Aliporejea alipitia Sufuri, akamtoa Haidari katika ulinzi, akaja naye Kaharabu; akamwoza Salha kwa ngoma za siku saba, akawapa nyumba na dhahabu ya kuwatosha wao na wana wao.

Basi ajuaye kutumikiwa na ajue pia kuruhusu, na ampendaye mtu asichoke kumfuata kwa miguu yake.